Frederick Jackson: Mtawala aliyewajua ndege kwa manyoya yao

Frederick Jackson alizaliwa nchini Uingereza mwaka wa 1860. Alipowasili Lamu mwaka wa 1884, nia yake ilikuwa kuwinda. Hata hivyo, mbuga na misitu ya Afrika Mashariki ilimvutia kwenye elimu nyingine: kumtambua ndege kwa rangi ya manyoya, umbo la mdomo na urefu wa kucha.

Mwaka wa 1889 aliongoza msafara wa kampuni ya IBEA ulioishia Uganda. Ulikuwa msafara wa kutafuta himaya, wala si wa sayansi, lakini njiani Jackson alikusanya ndege wengi. Enzi hizo ndege hakutambuliwa ila kwa kuuawa kwanza, kisha ngozi yake ikapelekwa London kulinganishwa na nyingine.

Huko, mwaka wa 1891, mtaalamu Richard Bowdler Sharpe alimpa mmoja wa ndege hao jina la Jackson. Dume wake, msimu wa kuzaana unapowadia, huwa mweusi mwenye mkia mrefu uliopinda. Jike ni wa kahawia yenye michirizi, na ni vigumu kumtofautisha na majike wa jamaa zake. Mwaka wa 1904 Jackson alilipa fadhila. Ndege wa manjano kifuani, mwenye ukucha mrefu wa nyuma na asiye na mkufu mpana mweusi alio nao binamu yake, alimpa jina la Sharpe.

Mwaka wa 1909 Jackson alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha wapenzi wa viumbe kilichoanzisha makumbusho ya Nairobi mwaka uliofuata. Mnamo 1911 aliteuliwa gavana wa Uganda. Alifariki mwaka wa 1929 kabla ya kukamilisha kitabu chake kuhusu ndege wa Kenya na Uganda. W. L. Sclater alikikamilisha, kikachapishwa mwaka wa 1938 katika juzuu tatu.

Ndege wa Sharpe hapatikani kwingine duniani ila Kenya, katika nyasi fupi za nyanda za juu kama Kinangop. Nyasi hizo zinazidi kulimwa, naye amo hatarini kuangamia. Mkulima asiyeweza kumtenga na binamu yake hatajua siku atakapotoweka shambani mwake.