Mwili na Maarifa katika Maisha ya Mwalimu Nyerere

Makala haya yanapitia maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kwa kuangalia jambo moja tu: nafasi ya mwili unaotenda katika kujifunza. Suala hili limepata uzito mpya kwa kuwa sasa zipo kompyuta zenye vihisi vinavyofuatilia mwendo wa mwanafunzi ili kumsaidia kuelewa somo.

Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Kabla ya kushika kalamu alichunga mbuzi na kucheza soro, yaani bao, mchezo ambao mkono hugawa kete shimo kwa shimo huku akili ikihesabu. Inasimuliwa kwamba uhodari huo ulimvutia Chifu Makongoro wa Ikizu, katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Bunda, akashauri kijana apelekwe shule. Mwaka 1934 aliingia Shule ya Mwisenge, Musoma. Baadaye alisoma Tabora na Makerere, kisha akafundisha.

Baada ya kurejea kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952, alijenga nyumba kijijini kwao kwa mikono yake, akikanyaga udongo wa matofali. Kwa jamii iliyoiona elimu kuwa njia ya kuepuka jembe, kitendo hicho kilikuwa hoja. Hoja hiyo aliifafanua mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea: shule iwe pia shamba au karakana, na wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua.

Hata hivyo, katika utekelezaji shule nyingi zilichukua jembe zikaacha kupanga. Kazi ikageuka nguvukazi tu, pengine adhabu, na wazazi wengi wakailalamikia. Ni dhahiri, basi, kwamba mwendo wa mwili peke yake haufundishi. Hufundisha pale mtendaji anapopewa nafasi ya kuufikiria. Kihisi hupima mkono ulivyokwenda, lakini kazi ya kumwongoza mwanafunzi aeleze sababu hubaki kwa mwalimu.

Mwaka 1985 Nyerere aling'atuka, neno alilolileta katika Kiswahili kutoka Kizanaki, akarudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Wanaobuni vifaa vya kufundishia leo hawana budi kuirejea sehemu ya hoja yake ambayo shule ziliiacha.