ALAN TURING: ALIYETAKA MASHINE ILELEWE KAMA MTOTO

Msafiri anayetoka Nairobi kwenda Mombasa kwa barabara kuu, akifika Malili katika kaunti ya Makueni, huyaona majengo mapya yaliyochipuka katikati ya mbuga. Hapo ndipo mji wa Konza, ambao Rais Mwai Kibaki aliuzindua Januari 2013 juu ya ekari 5,000 zilizokuwa ranchi. Ndani yake mna kituo cha taifa cha kuhifadhi data, ambamo kompyuta hufanya kazi usiku na mchana. Ni wachache wanaopita hapo wanaolijua jina la mtu aliyeiwaza mashine ya namna hiyo kabla haijaundwa hata moja. Mtu huyo ni Alan Mathison Turing.

Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Bara Hindi. Wazazi waliporudi kazini ng'ambo, walimwacha Alan na kaka yake John Uingereza. Wako watoto wengi wa Mutomo na Mbooni waliolelewa na nyanya zao huku wazazi wakitafuta riziki Mombasa au Nairobi. Alan hakuachiwa nyanya. Aliachiwa watu baki.

Mwaka 1926 alipotakiwa kuanza masomo katika shule ya Sherborne, treni zilikuwa zimesimama kwa sababu ya mgomo. Kijana huyo wa miaka 13 alipanda baiskeli akaenda kama kilomita 100 ili asichelewe. Mwaka 1930 alifiwa na Christopher Morcom, rafiki yake mpenzi shuleni. Msiba huo ulimfanya ajiulize jinsi akili ya mtu inavyokaa ndani ya mwili, na swali hilo hakuliacha tena.

Alisoma hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1936, akiwa na miaka 24, akatoa wazo lililompa jina. Ili kulielewa, msomaji na amtazame mama wa Kitui asukapo kiondo. Yeye hufuata hatua ndogo ndogo: uzi huu juu, ule chini, rangi hii mara kadhaa, kisha ile. Kila hatua ni nyepesi, lakini hesabu isipokosewa, ua hujitokeza. Tena mikono ile ile, ikibadilishiwa mpango, husuka ua jingine. Turing alionyesha kwamba mashine moja, ikibadilishiwa maagizo tu, yaweza kufanya kazi ya mashine zote za hesabu. Alionyesha pia kuwa yako maswali ambayo hakuna mashine itakayoyamaliza.

Vita vilipoanza mwaka 1939 aliitwa Bletchley Park kufumbua barua za siri za Wajerumani, zilizofichwa kwa mtambo wa Enigma. Wanahisabati wa Poland walikuwa wameitangulia kazi hiyo. Turing alibuni mtambo mwingine, uitwao Bombe, wa kuutafuta ufunguo wa siri hizo.

Vita hivyo vya siri vilifika hata pwani yetu. Mwaka 1942 Waingereza waliokuwa wakifumbua siri za Wajapani walihamia Kilindini kutoka Colombo, wakafanya kazi katika shule ya Allidina Visram, Mombasa. Wakati huo vijana wengi wa Ukambani walikuwa katika jeshi la King's African Rifles. Hatari ya baharini haikuwa hadithi kwao: tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani iliizamisha meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wakiwamo mamia ya askari wa Afrika Mashariki.

Baada ya vita Turing alichora mpango wa kompyuta, kisha mwaka 1948 akahamia Manchester. Mwaka 1950 aliandika makala akiuliza kama mashine yaweza kufikiri. Alipendekeza jaribio: mtu azungumze kwa maandishi na asiowaona, mmoja mtu na mwingine mashine, kisha aseme yupi ni yupi. Badala ya kuunda akili ya mtu mzima, alisema, afadhali kuunda ya mtoto na kuifundisha. Akili bandia ya leo, inayofunzwa kwa mifano mingi, yafuata njia hiyo.

Taifa alilolisaidia halikumtunza. Mwaka 1952 alishtakiwa kwa uhusiano na mwanamume mwenzake, jambo lililokuwa kosa la jinai. Ili asifungwe, alikubali kutiwa dawa za homoni. Tarehe 7 Juni 1954 alikufa kwa sumu ya sayanaidi, akiwa na miaka 41; uchunguzi ukaamua kuwa alijiua. Serikali ya Uingereza iliomba radhi mwaka 2009, msamaha wa kifalme ukafuata mwaka 2013, na mwaka 2021 picha yake ikatiwa kwenye noti ya pauni 50.

Umleavyo ndivyo akuavyo, na mashine vivyo hivyo: hujua kile ilicholishwa. Maandishi ya Kikamba ni machache mno kuliko ya Kiingereza. Wazee wa Kitui na Makueni wasipoandikiwa masimulizi yao, mtoto huyo wa Turing atakulia hapo Konza, katika ardhi yao, bila kuijua lugha ya majirani zake.