Salman Shah: miaka mitatu na nusu ya sinema, karibu miaka thelathini ya kesi

Tarehe 20 mwezi wa kumi mwaka wa 2025, mahakama moja ya Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, iliamuru kifo cha mchezaji wa filamu Salman Shah kifuatiliwe kama kesi ya mauaji. Kifo chenyewe kilitokea mwaka wa 1996. Wengi waliosoma habari hiyo kwenye simu zao walikuwa hawajazaliwa siku alipokufa, lakini jina lake wanalijua, nyimbo za filamu zake wanaziimba, na kila mwezi wa tisa picha zake zinajaa tena magazetini.

Huku kwetu wengi wanaifahamu Bangladesh kupitia askari wa kofia za bluu waliotumwa Ituri. Sinema yake hatuijui sana. Hata hivyo ni nchi yenye watu wengi sana, na kwa miaka mingi filamu ndiyo ilikuwa starehe kubwa ya wafanyakazi wa viwandani, wanafunzi na watu wa vijijini waliokuja sokoni siku ya mapumziko.

Salman Shah alizaliwa tarehe 19 mwezi wa tisa mwaka wa 1971 huko Sylhet, kaskazini-mashariki mwa nchi. Mwaka huo ndio wa vita. Bangladesh ilikuwa bado inaitwa Pakistan ya Mashariki, uhuru ulikuwa umetangazwa mwezi wa tatu, na jeshi la Pakistan halikuweka silaha chini hadi tarehe 16 mwezi wa kumi na mbili. Kwa hiyo mtoto huyo alikuwa na umri wa miezi mitatu tu nchi yake ilipopata ushindi. Nyumbani walimwita Emon, na jina lake la kitambulisho lilikuwa Shahriar Chowdhury Emon. Baba yake aliitwa Kamaruddin Chowdhury. Mama yake, Nila Chowdhury, aliingia katika siasa, na tutamkuta tena mbele kwa sababu bila yeye kesi hii ingekuwa imesahaulika zamani.

Sehemu ya utoto wake aliipitisha Khulna, kusini-magharibi mwa nchi, ambako alisoma na msichana aliyekuja baadaye kuitwa Moushumi. Kisha familia ikahamia Dhaka. Kijana alianza kuonekana kwenye televisheni akiwa bado mdogo, katika michezo ya kuigiza na matangazo ya biashara. Alikuwa na sura nzuri, lakini sura nzuri Dhaka hazikukosekana. Mwezi wa nane mwaka wa 1992 alifunga ndoa, akiwa hajatimiza miaka 21 na hajacheza filamu hata moja.

Wakati huo kampuni moja ya Dhaka ilikuwa imenunua haki ya kutengeneza upya filamu kadhaa za Kihindi. Mojawapo ilikuwa Qayamat Se Qayamat Tak, iliyompa umaarufu Aamir Khan mwaka wa 1988. Kazi alipewa mwongozaji Sohanur Rahman Sohan, naye hakutaka nyota wa zamani. Wachezaji wakubwa wa kiume wa Dhaka walikuwa wameshapita umri wa kucheza vijana wa chuo, ingawa waliendelea kuwacheza. Sohan akamchukua Emon, akampa jina jipya la Salman Shah, na upande wa msichana akamweka yuleyule Moushumi wa Khulna, ambaye naye ilikuwa mara yake ya kwanza.

Filamu iliitwa Keyamat Theke Keyamat. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo: ni kutoka kiyama hadi kiyama. Familia mbili zina uadui wa damu, watoto wao wanapendana, wanatoroka, na mwisho wanakufa wote wawili. Ilitoka siku ya Idi, mwezi wa tatu mwaka wa 1993. Nyimbo zake, zilizoimbwa na Runa Laila na kijana aitwaye Agun, zilisikika kila kona. Wageni wawili waliingia kwenye Idi hiyo bila jina, wakatoka wakiwa nyota wa nchi nzima.

Salman na Moushumi walicheza pamoja filamu nne tu, mojawapo ikiwa Denmohor, yaani mahari. Kisha kila mmoja akaenda njia yake. Mwaka wa 1994, katika filamu Tumi Amar, Salman alikutanishwa na Shabnur, msichana mdogo aliyekuwa ameanza mwaka mmoja tu kabla. Wawili hao ndio watu wa Bangladesh wanaowakumbuka zaidi. Walicheza pamoja filamu 14. Swapner Thikana, ambayo maana yake ni anwani ya ndoto, ilitoka mwaka wa 1995 na inahesabiwa kati ya filamu zilizoingiza pesa nyingi kuliko zote katika historia ya nchi hiyo.

Kwa jumla alicheza filamu 27. Tukigawanya kwa miaka mitatu na nusu, ni filamu mpya karibu kila baada ya wiki saba. Mtu wa namna hiyo hana usiku wala mchana: asubuhi anapiga picha ya filamu moja, jioni anaingiza sauti ya nyingine, kesho anasafiri kwa ajili ya tatu. Si zote zilikuwa nzuri. Nyingine zilikuwa hadithi za kawaida za tajiri na maskini, ngumi mbili tatu na nyimbo sita, na ukiziangalia leo utaona haraka iliyotumika. Lakini yeye mwenyewe hachoshi kumtazama. Wachezaji waliomtangulia walizoea kutamka maneno kwa sauti kubwa kana kwamba wako jukwaani. Salman aliongea kama kijana anayeongea na rafiki yake, na alijua kunyamaza mbele ya kamera.

Tena kulikuwa na mavazi. Kitambaa kilichofungwa kichwani, miwani ya jua, suruali ya jinzi, hereni sikioni, kofia iliyogeuzwa nyuma, nywele ndefu zilizofungwa. Wazazi walilalamika, lakini vinyozi wa Dhaka na Chittagong walipata kazi. Kwa vijana waliozaliwa pamoja na nchi yenyewe, huyu alikuwa nyota wa kwanza wa umri wao, na huenda hiyo ndiyo sababu hawajamwacha hadi leo.

Siku ya Ijumaa, tarehe 6 mwezi wa tisa mwaka wa 1996, Salman Shah alikutwa amekufa katika nyumba yake ya ghorofani mtaa wa New Eskaton, Dhaka. Zilikuwa zimebaki siku 13 atimize miaka 25. Siku iliyotangulia alikuwa kazini, akiingiza sauti katika filamu Prem Piyasi. Polisi waliandika kwamba alijiua. Mwili ulipelekwa Sylhet, ukazikwa karibu na kaburi takatifu la Shah Jalal, walii anayeheshimiwa sana na Waislamu wa nchi hiyo. Haukulala muda mrefu. Familia haikuridhika, kaburi likafunguliwa, mwili ukapimwa mara ya pili hukohuko Sylhet. Jibu likawa lilelile.

Wiki moja baada ya kifo chake ilitoka filamu iliyokuwa imeshakamilika. Jina lake ni Sotter Mrityu Nei, yaani ukweli haufi. Hakuna aliyelichagua kwa ajili ya msiba, lakini watu waliokwenda kuitazama wakilia walilisoma kwa namna yao. Filamu nyingine zilibaki nusu. Buker Bhitor Agun, iliyotoka mwaka wa 1997, ilibidi hadithi yake igeuzwe katikati na nafasi yake ijazwe na mchezaji mpya, Ferdous, aliyekuja kuwa nyota naye.

Tangu hapo kesi ilianza safari yake. Mwaka wa 1997 baba yake aliomba mahakama ibadilishe jalada liwe la mauaji. Mwaka huohuo mtu mmoja aliyekamatwa alitoa maelezo kwamba Salman aliuawa, lakini wapelelezi hawakuyakubali, wakamaliza uchunguzi wao wakisema alijiua. Baba akapinga. Uchunguzi mwingine ukaamriwa chini ya hakimu, ripoti yake ikafika mahakamani mwaka wa 2014, na jibu halikubadilika. Wakati huo baba alikuwa ameshafariki. Mama akaichukua kesi, akapinga naye. Kikosi kingine cha wapelelezi kikapewa jalada, na mwezi wa pili mwaka wa 2020 kikatangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba ni kujiua, kikitaja misukosuko ya maisha yake binafsi. Mwaka wa 2021 mahakama ilikubali ripoti hiyo, na wengi walidhani mlango umefungwa. Mama hakuuona umefungwa. Alikata rufaa, na ndipo likaja agizo la mwaka wa 2025. Siku moja baadaye kesi ya mauaji iliandikishwa katika kituo cha polisi cha Ramna na mjomba wa marehemu, dhidi ya watu 11.

Lazima tuseme wazi: kushitakiwa si kuhukumiwa, na katika miaka hii yote hakuna mtu aliyekutwa na hatia. Inawezekana wapelelezi walisema kweli kila mara. Inawezekana pia kwamba kazi ya siku za kwanza ilifanywa vibaya kiasi kwamba hakuna uchunguzi wa baadaye ungeweza kuaminika.

Sinema ya Bangladesh haikupata bahati baada yake. Mwishoni mwa miaka ya tisini watayarishaji wengi walikimbilia filamu za ngumi na picha chafu, familia zikaacha kwenda sinema, na majumba yaliyokuwa zaidi ya 1000 nchi nzima yakaanza kufungwa moja baada ya jingine na kugeuzwa maduka. Wapo wanaosema angeishi haya yasingetokea. Huo ni upendo zaidi ya hesabu, kwa sababu mtu mmoja hawezi kubeba biashara nzima mgongoni. Sohan aliendelea kutafuta vijana. Mwaka wa 1999 alimtoa mwingine, Shakib Khan, ambaye ndiye nyota mkubwa wa nchi hiyo leo. Sohan mwenyewe alifariki mwezi wa tisa mwaka wa 2023, siku moja baada ya mke wake.

Mama Nila sasa ni mzee. Jalada liko tena mikononi mwa polisi wa Dhaka.