Kiziwi Aliyejenga Shule ya Ngoma

Nataka kuwaeleza habari za mtu wa Bara Hindi ambaye tangu nisome habari zake sijaacha kumfikiri. Ndiye Vallathol Narayana Menon, mshairi mkubwa wa lugha ya Kimalayalam, aliyezaliwa mwaka 1878 katika nchi ya minazi iitwayo sasa Kerala. Alikuwa hajafika umri wa miaka 35 alipokuwa kiziwi. Lakini huyu ndiye aliyeanzisha shule ya Kathakali, mchezo ambao ngoma zake husikika mbali usiku kucha.

Kathakali ni hadithi za kale zichezwazo pasipo mchezaji kutamka neno. Waimbaji husimama nyuma yake, naye husema kwa macho na kwa ishara 24 za mikono. Nadhani kiziwi aliweza kuufuata kuliko sisi wenye masikio! Zamani wachezaji walilishwa na wafalme na matajiri wenye mashamba. Hao walipopungukiwa, vikundi vikavunjika, na mafundi wakazeeka bila wanafunzi.

Vallathol na rafiki yake Mukunda Raja waliuza tikiti za bahati nasibu ili wapate fedha, na mwaka 1930 wakafungua shule iitwayo Kalamandalam. Baadaye ikahamia Cheruthuruthy, karibu na mto Bharathappuzha. Haikuwa shule ya kuja asubuhi na kurudi kwenu jioni. Wanafunzi walikaa na walimu wao miaka mingi, kama ilivyokuwa desturi ya kale. Na ilipasa iwe hivyo, kwani mwili haufundishwi kwa saa moja. Kungali giza huamshwa wazoeze macho. Majira ya mvua hupakwa mafuta, hulala chini, na mwalimu huwakanda kwa nyayo zake mpaka viungo vilegee. Nasi twanung'unikia kengele ya saa kumi na mbili!

Aliingiza pia Mohiniyattam, ngoma ya wanawake, iliyokuwa imedharauliwa hata wazazi wakaona haya kuwaleta binti zao. Hapo ndipo naona ushujaa wake hasa, maana fedha huombwa, bali heshima iliyopotea ni vigumu kuirudisha.

Mwaka 1941 serikali ya Cochin iliichukua shule hiyo. Vallathol alifariki tarehe 13 Machi 1958. Kalamandalam ingalipo Cheruthuruthy, na ngoma ambazo mwanzilishi hakuweza kuzisikia zinapigwa huko hata leo.