Mo Amin: Msee wa Eastleigh Aliyefanya Dunia Nzima Iangalie

Ukishuka mathree pale Riruta Satellite jioni, kila msee ni kamera. Dinga ikigongwa Naivasha Road, simu kumi ziko juu kabla mtu wa kusaidia hajafika. TV ya mathe bado iko sebuleni, lakini tangu mitambo ya analogia izimwe 2015 na kila keja ikahitaji king'amuzi, mayut wengi walihamia kwa simu na hawajarudi. Sasa wacha nikupigie stori ya mtoto wa Nairobi aliyeanza hii form kitambo, kabla wengi wetu tuzaliwe.

Mohamed Amin, Mo kwa wasee wake, alizaliwa Eastleigh mnamo 29 Agosti 1943. Buda yake alifanya kazi ya reli na doo hazikuwa mob. Familia ikahamia Tanganyika, na huko ndiko Mo alipata kamera yake ya kwanza, Box Brownie iliyokuwa imeshatumika na mtu mwingine. 1963, bado kijana mdogo, akafungua kampuni yake Dar es Salaam, Camerapix. Hakungoja kuandikwa na mtu.

Kazi ilimpeleka kubaya. 1966 alifungwa Zanzibar karibu mwezi mzima na kuteswa juu ya picha alizochukua, kisha akarudi Kenya.

Halafu ikafika 5 Julai 1969. Tom Mboya alipigwa risasi katikati ya tao, barabara tunayoita Moi Avenue leo. Mo alifika haraka, akaingia ndani ya ambulensi na akaendelea kupiga picha mtu akikata roho. Kama ilikuwa sawa ama la, watu wanaweza bishana hadi kesho. Lakini bila yeye, taifa halingekuwa na ushahidi wa dakika zile.

Siku hizo hakukuwa na kutuma na bando. Filamu ilikuwa lazima ioshwe, ipandishwe ndege hadi London, ndio dunia ione. 1970 kituo cha setilaiti kikafunguliwa Longonot, baadaye kanda za video zikaingia. Mashine zilibadilika mara kadhaa, Mo akabadilika nazo.

Oktoba 1984 alienda Korem, Ethiopia, na Michael Buerk wa BBC. Walikuta maelfu ya watu wakifa njaa, watoto wamefungwa kwa sanda. Picha zilipeperushwa 23 Oktoba, kisha stesheni zaidi ya 400 duniani zikazionyesha. Wanamuziki wa Uingereza wakarekodi ngoma ya msaada, Michael Jackson na Lionel Richie wakaandika yao Marekani, na Julai 1985 ikaja tamasha ya Live Aid. Chakula kilifika kwa sababu watu waliona.

Bei aliilipa. 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Fundi wake wa sauti, John Mathai, akafa pale pale. Mo akapoteza mkono wa kushoto. Wasee walidhani ameisha. Akawekewa mkono wa bandia na akarudi kazi.

23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopian kutoka Addis akirudi nyumbani Nairobi. Watekaji watatu waliitaka iende Australia. Mafuta yakaisha, ikaanguka baharini Komoro. Watu 125 wakafa, Mo akiwa mmoja wao. Manusura walisema alionekana amesimama, akijaribu kuongea na watekaji.

Na hapa ndio stori inaniuma. Kulikuwa na mtalii ufuoni na kamera ndogo ya video. Alirekodi ndege ikigonga maji, na hiyo klipu ikazunguka dunia nzima. Mwisho wa Mo ulinaswa na mtu aliyekuwa tu likizo, vile sisi tunanasa mambo leo.

Camerapix ilibaki mikononi mwa mwanawe, Salim, pamoja na hazina ya picha ambazo baba aliziweka zikiwa zake. Sisi tunazitupa zetu kwa app ya mtu mwingine usiku huo huo. Simu yako inashinda kila kamera Mo alianza nayo. Kesho ukiiinua pale Satellite, jiulize kwanza: hii video itafanyia nini huyo amelala chini?