René Favaloro: Daktari wa Kijijini Aliyefungua Njia ya Upasuaji wa Mishipa ya Moyo

Tarehe 9 Mei 1967, katika hospitali ya Cleveland Clinic nchini Marekani, Dkt. René Favaloro alimfanyia upasuaji mwanamke mwenye umri wa miaka 51 ambaye mshipa wa kulia unaopeleka damu kwenye misuli ya moyo wake ulikuwa umeziba. Alichukua kipande cha mshipa wa mguuni mwa mgonjwa huyo na kukitumia kurejesha mtiririko wa damu moyoni.

Favaloro hakuwa wa kwanza kujaribu tiba ya namna hiyo. Dkt. Robert Goetz alikuwa ametangulia mjini New York mwaka 1960, na Dkt. Vasilii Kolesov mjini Leningrad mwaka 1964. Hata hivyo, ni kazi ya Favaloro na wenzake iliyoufanya upasuaji huo kuwa tiba ya kawaida inayoweza kufundishwa na kurudiwa na madaktari wengine duniani.

Favaloro alizaliwa tarehe 12 Julai 1923 mjini La Plata, Argentina. Baba yake alikuwa seremala na mama yake mshonaji wa nguo. Alihitimu udaktari mwaka 1949, lakini alipotakiwa kutia saini tamko la kukiunga mkono chama tawala ili apate ajira hospitalini, alikataa.

Mwaka 1950 alikwenda Jacinto Aráuz, kijiji cha mbali katika jimbo la La Pampa, kushika kwa muda nafasi ya daktari aliyekuwa mgonjwa. Miezi michache iliyokusudiwa ikawa miaka 12. Akishirikiana na mdogo wake, Juan José, ambaye pia alikuwa daktari, alianzisha kituo cha tiba, akawafundisha wakunga na wauguzi, na kuandaa wanakijiji waliokuwa tayari kuitwa wakati wowote kuchangia damu.

Mwaka 1962 aliondoka kwenda Cleveland kujifunza upasuaji wa kifua na moyo. Huko alitumia saa nyingi kuchunguza picha za mishipa ya moyo zilizopigwa kwa mbinu iliyogunduliwa na Dkt. Mason Sones mwaka 1958. Picha hizo zilionesha mahali hasa mshipa ulipoziba, na ndizo zilizomwezesha kupanga upasuaji wake.

Akiwa katika kilele cha umaarufu, Favaloro alirejea nyumbani mwaka 1971. Mwaka 1975 alianzisha Taasisi ya Favaloro ya kutibu, kufundisha na kutafiti, na mwaka 1992 hospitali yake ikafunguliwa mjini Buenos Aires. Msimamo wake ulikuwa kwamba mgonjwa asinyimwe matibabu kwa sababu ya umaskini.

Msimamo huo ulikuwa na gharama. Uchumi wa Argentina ulipoyumba, taasisi ilielemewa na madeni huku yenyewe ikidai fedha za huduma ilizokwisha kutoa. Barua za kuomba msaada, ikiwemo aliyomwandikia Rais Fernando de la Rúa, hazikuleta nafuu kwa wakati. Tarehe 29 Julai 2000, Favaloro alijitoa uhai akiwa na umri wa miaka 77.

Taasisi yake ingali ikitoa huduma. Upasuaji aliousimika hufanyika pia hapa nchini, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) jijini Dar es Salaam.