Lafcadio Hearn: Mtu wa Mazimwi na Mke Aliyemsimulia

Wanachuo wenzangu, pale vimbwetani tunabishana mpira, bumu na siasa mpaka usiku, lakini mtu akigusia majini na mazimwi anaambiwa hayo ni mambo ya watoto. Mimi nasoma fasihi, kwa hiyo mazimwi ni sehemu ya kazi yangu, na leo nawaletea maisha ya mtu aliyeyachukulia kwa uzito kuliko wote ninaowajua. Wajapani wanamwita Koizumi Yakumo na wanamhesabu kama mwandishi wao. Kumbe hakuzaliwa Mjapani. Jina alilopewa utotoni ni Patrick Lafcadio Hearn.

Alizaliwa tarehe 27 Juni 1850 katika kisiwa cha Lefkada, Ugiriki, na hilo jina Lafcadio limetokana na kisiwa chenyewe. Mama yake, Rosa, alikuwa Mgiriki. Baba yake alikuwa Mwairishi, daktari katika jeshi la Uingereza ambalo siku hizo lilikuwa na kambi kwenye visiwa vile. Mtoto alipofika miaka miwili walimpeleka Dublin kwa ndugu wa baba. Mama hakuizoea Ireland, si baridi yake wala lugha yake. Mwaka 1854 akarudi kwao, na mwanawe hakumwona tena. Baba naye akaoa kwingine, akaenda zake India. Mtoto akabaki mikononi mwa shangazi wa baba yake, mjane mwenye mali aliyeitwa Sarah Brenane.

Bibi huyu alikuwa na dawa yake ya woga. Kwa kuwa mtoto aliogopa giza, alilazwa peke yake kwenye chumba kisicho na taa, mlango ukafungwa kwa ufunguo, ili azoee. Wala hakuzoea. Alipokuwa mtu mzima aliandika jinsi viumbe wa usiku walivyomjia na kumkamata kitandani. Akaandika pia kwamba siku moja alimfuata chumbani dada mmoja wa ukoo aliyekuwa na kawaida ya kuja kukaa nao, na yule dada alipogeuka, mtoto akaona hana uso. Wazee wetu husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Naona Hearn alijuana na mazimwi yake akiwa na miaka mitano hivi, na hayakummaliza.

Baadaye alipelekwa shule ya bweni ya Kikatoliki karibu na Durham, Uingereza. Akiwa na miaka 16 aliumia jicho la kushoto mchezoni, likapofuka na kubaki na kovu jeupe. La kulia nalo halikuona mbali. Tazameni picha zake: karibu zote amegeuza uso upande ili lile jicho lisionekane. Muda si mrefu shangazi akafilisika, na mwaka 1869 kijana wa miaka 19 akakatiwa tiketi ya kwenda Marekani, mji wa Cincinnati, akajitegemee. Alifika hana kitu. Mpiga chapa mmoja Mwingereza, Henry Watkin, alimwonea huruma, akampa vibarua na ruhusa ya kulala kwenye karakana juu ya rundo la karatasi chakavu. Waliowahi kubebwa hosteli watanielewa vizuri hapo.

Mwaka 1872 akaanza kuandikia gazeti, na habari zake za mauaji na mitaa ya maskini zikampa jina. Halafu mwaka 1874 akamwoa Alethea Foley, maarufu kama Mattie, mwanamke mweusi aliyezaliwa utumwani Kentucky, aliyekuwa mpishi kwenye nyumba ya kupanga alimokaa Hearn. Sheria ya jimbo la Ohio ilikataza ndoa ya mzungu na mtu mweusi. Mwaka uliofuata akafukuzwa kazi. Ndoa yenyewe haikudumu. Mwaka 1877 walikuwa wameshaachana. Lakini kuna jambo moja naomba tulishike. Mattie hakujua kusoma wala kuandika, ila alikuwa msimulizi hodari wa habari za mizimu, na Hearn alikaa akamsikiliza, kisha mwaka 1875 akazichapa gazetini. Huo ndio mwanzo wa ufundi wake: kukaa chini mbele ya mtu asiye na cheti na kumsikiliza.

Kutoka hapo akahamia New Orleans, akakaa karibu miaka kumi. Mwaka 1885 alitoa kitabu cha methali za Kikrioli, lugha iliyozaliwa na watumwa na ambayo wasomi wengi wa wakati ule waliiona kama Kifaransa kilichoharibika. Mwaka 1887 akaenda kisiwa cha Martinique. Huko aliwauliza watu wa kawaida nyumbani kwao zombi ni kitu gani. Hakujibiwa kama mnavyoona kwenye sinema, maiti anayetembea. Aliambiwa habari za farasi wa miguu mitatu anayekupita usiku, na za moto mkubwa barabarani ambao kila ukiusogelea nao unasogea. Aliandika alivyoambiwa.

Mwezi Aprili 1890 akatua Yokohama, Japani, kwa kazi ya jarida moja la Marekani. Wakakosana mapema, akabaki bila ajira ugenini. Wafadhili wakamtafutia kazi ya kufundisha Kiingereza katika mji mdogo wa Matsue, na huko mwaka 1891 akaja kumtunzia nyumba binti aitwaye Koizumi Setsu. Setsu alizaliwa mwaka 1868, mwaka uleule utawala wa zamani ulipoanguka na familia za samurai kama yao zikaanza kupoteza riziki. Shule aliiacha mapema, akaingia kwenye kazi ya kufuma. Wakawa mume na mke, wakazaa watoto wanne. Mwaka 1896, ili mke na watoto wasije wakapata tabu ya uraia na urithi, Hearn aliingizwa kwenye ukoo wa mkewe na kuwa raia wa Japani kwa jina la Koizumi Yakumo.

Mwaka huohuo alianza kufundisha fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Imperial, Tokyo. Hapa wanachuo mtampenda. Alifundisha polepole, kwa Kiingereza chepesi, ili kila mmoja aweze kuandika anachosema. Hakuacha miswada ya mihadhara ile, lakini madaftari ya wanafunzi yalibaki, na kutokana nayo yakatengenezwa mabuku mazima yaliyochapishwa New York kuanzia mwaka 1915. Kwa lugha ya hapa kampasi, ni madesa yaliyogeuka vitabu. Mwaka 1903 chuo kilipoamua kuachana naye, wanafunzi walipinga waziwazi, ingawa hawakushinda. Mmoja wa waliochukua nafasi yake ni Natsume Soseki, ambaye baadaye akawa mmoja wa waandishi wakubwa kabisa wa Japani.

Sasa tuje kwenye mazimwi yenyewe. Hearn hakuweza kusoma vitabu vya Kijapani vya zamani. Setsu ndiye aliyezunguka kwenye maduka ya vitabu chakavu, akasoma, kisha usiku akamsimulia mumewe. Walizungumza Kijapani chao cha nyumbani, kilichokatwakatwa viunganishi na vitenzi visivyobadilika, mfano wa mtu anayesema mimi kwenda sokoni jana. Taa ilishushwa. Akimwona mkewe ameshika kitabu, Hearn alikataa. Alitaka hadithi itoke kinywani mwake, kwa maneno yake, kwa fikra zake. Ilibidi Setsu aimeze hadithi kwanza mpaka iwe yake, na wakati mwingine akaiota usiku. Palipomgusa, Hearn aliuliza mhusika alilitamka vipi neno lile, kwa sauti gani, na usiku ulikuwaje.

Matunda yake ni kitabu cha Kwaidan, kilichotoka mwaka 1904. Humo yumo Hoichi, mpiga ala kipofu ambaye wafu wa vita vya baharini vya mwaka 1185 wanamwita usiku awaimbie habari za kufa kwao. Makasisi wanamwandika mwili mzima maneno matakatifu ili asionekane na mizimu, wakasahau masikio, na masikio ndiyo yanayong'olewa. Wakati anaiandika hadithi hii, Hearn mwenye jicho moja alikaa gizani bila kuwasha taa, na mkewe alipomwita kwa jina la Hoichi, aliitika kama kipofu.

Humo pia yumo Mwanamke wa Theluji. Anamuua mzee kwa kumpulizia pumzi, akamwacha kijana kwa sharti kwamba asimwambie mtu yeyote. Miaka inapita, kijana anaoa, anapata watoto kumi, na usiku mmoja anamsimulia mkewe. Mke ndiye yeye. Hamuui, kwa ajili ya watoto, ila anayeyuka na kutoweka.

Halafu ipo ya mfanyabiashara anayekutana usiku na mwanamke analia kando ya handaki la maji. Mwanamke anageuka, anajipangusa uso, na uso hauna macho, pua wala mdomo. Jamaa anakimbia mpaka kwa muuza tambi, anaanza kueleza alichokiona, na muuza tambi anajipangusa uso wake, nao unakuwa laini kama yai. Taa inazimika. Mliokulia pwani mnaicheka hii kwa sababu mnaijua. Kwetu ni mrembo mwenye kwato. Jamaa anatimua mbio hadi kwa mlinzi, anamweleza, na mlinzi anapandisha suruali na kuuliza kama zilikuwa kwato za namna hii. Sidai kwamba mmoja kamwibia mwingine. Nasema tu msimulizi wa Tokyo na wa Mombasa waligundua siri moja: mtu huogopa zaidi anapodhani ameshafika salama. Na mimi siamini kwamba ni bahati tu kwamba mtoto wa Dublin aliyemwona dada asiye na uso ndiye aliyeipa dunia hadithi hii.

Hearn alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 26 Septemba 1904, akiwa na miaka 54, miezi michache baada ya Kwaidan kutoka. Filamu ya Kobayashi Masaki ya mwaka 1964 imebeba jina la kitabu hicho, na ndani yake wamo Hoichi na Mwanamke wa Theluji.

Ninamheshimu sana, lakini kuna deni. Fungueni utangulizi wa Kwaidan. Vitabu vya kale vimetajwa, hata mkulima aliyempa hadithi ya Mwanamke wa Theluji ametajwa kwa kijiji chake. Setsu hayumo. Nyumbani hali ilikuwa tofauti. Setsu mwenyewe, katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1914, anaeleza kwamba aliposikitika kwa kukosa elimu kubwa, mumewe alimpeleka mbele ya kabati la vitabu alivyoviandika na kumuuliza vimepatikana kwa juhudi za nani. Nampa Hearn sifa kwa swali hilo. Lakini jibu lilibaki sebuleni, halikufika kwenye kurasa, na wasomaji wa ng'ambo walifunga kitabu wakijua jina moja tu.

Jamani, hili linatuhusu. Kila mwaka idara zetu zinatutuma vijijini na madodoso na simu za kurekodia. Bibi anasimulia saa mbili, anatupa na chai, kisha kwenye ripoti anakuwa mhojiwa namba saba, mwanamke, miaka 68. Hadithi inabaki na jina letu na alama zetu. Kuna utafiti ambao kulinda jina la mtu ni lazima, naelewa. Ila fundi wa hadithi si mgonjwa wa kufichwa. Likizo inakuja. Ukikaa naye, mwache asimulie kwa maneno yake, usimkatize ukamrudisha kwenye dodoso. Ukimaliza, muulize kama angependa ajulikane. Akikubali, andika jina lake juu ya hadithi, kabla ya lako.